Mishipa ya Jiwe

Mlangoni mwa kinyozi nchini China huandikwa herufi mbili, lifa. Fa ni nywele, na li ni kuziweka sawa. Herufi hiyohiyo ya li, 理, imo katika jina la fizikia, wuli, yaani li ya vitu. Imo katika jiografia, dili, li ya ardhi, na katika saikolojia, xinli, li ya moyo. Fundi anayetengeneza baiskeli iliyoharibika anafanya xiuli. Meneja wa kampuni ni jingli. Mtu anayepandisha sauti sokoni badala ya kujibu hoja huambiwa kwamba haongei li. Na mwanafalsafa aliyetafuta kanuni inayoushikilia ulimwengu mzima, naye alisema anatafuta li.

Nilianza kujifunza Kichina nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia ya fikra. Neno hili limenifuata kote huko. Kila ninapomweleza mtu ninachosoma, swali la kwanza huwa ni la tafsiri: li kwa Kiswahili ni nini? Nikijibu "kanuni", nimesema kweli kuhusu sehemu tu ya historia ya neno hilo. Mwanzoni li ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mikono. Baadaye iligeuka kanuni, na kuna watu walioteseka kwa sababu ya mageuzi hayo.

Kiswahili chenyewe kina maneno kadhaa ya jambo hili, na kila moja lina picha yake. Msingi ni wa nyumba: unachimbwa, unamwagwa zege, kisha kuta zinafuata. Kanuni tuliipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, ambao kanon yao ilikuwa fimbo nyoofu ya kupimia. Msimamo ni wa mwili, mtu amesimama na hataki kuyumba. Nyumba, fimbo, miguu. Katika picha zote tatu, binadamu ndiye analeta kitu: anajenga, anapima, anasimama. Picha ya Kichina inaanza na kitu kilichokuwapo kabla binadamu hajafika.

Mnamo mwaka 100 BK msomi Xu Shen alikamilisha kamusi yenye herufi zaidi ya 9,000. Humo alieleza kwamba li ni kazi ya kuchonga jedi, lile jiwe gumu la thamani, la kijani au jeupe, ambalo Wachina walilipenda kuliko dhahabu. Upande wa kushoto wa herufi ni alama ya jedi, na upande wa kulia unasaidia matamshi. Jedi haipasuliwi kwa nyundo kama kokoto. Inasagwa polepole kwa mchanga mgumu na maji, na fundi asiyeisoma mishipa yake, mahali rangi inapobadilika na mahali ufa mdogo unapojificha, anaweza kuharibu kazi ya miezi kwa siku moja. Mishipa hiyo ni li. Kazi ya kuifuata nayo ni li. Neno moja linabeba jina na kitendo.

Han Fei, mwanafikra aliyekufa mwaka 233 KK, anasimulia kisa cha mtu wa nchi ya Chu aitwaye Bian He. Aliokota jiwe ghafi mlimani akampelekea mfalme. Mthamini wa mfalme akalitazama kwa nje akasema ni jiwe la kawaida, na Bian He akakatwa mguu wa kushoto kwa udanganyifu. Mfalme mwingine akaja, Bian He akarudi na jiwe lake, jibu likawa lilelile, akakatwa mguu wa kulia. Mfalme wa tatu alisikia kwamba analia chini ya mlima amelikumbatia jiwe lake, akaamuru mafundi walichonge. Ndani kulikuwa na jedi safi kabisa. Katika masimulizi ya Han Fei, kitendo cha mafundi kulichonga jiwe lile kinaitwa li. Miguu miwili ilipotea kwa sababu wakubwa waliamini neno la mthamini kabla ya kulifungua jiwe.

Kisa cha pili kiko katika kitabu cha Zhuangzi, cha karibu karne ya 4 KK. Mpishi Ding anachinja ng'ombe mbele ya bwana wake, na kisu chake kinapita kama mtu anayecheza ngoma. Wapishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu wanakata mifupa. Kisu cha Ding kina miaka 19 na bado kina makali, kwa sababu kinapita kwenye nafasi zilizo kati ya viungo. Ding anasema anafuata tianli, li ya mbingu, akiwa na maana ya mpangilio wa asili wa mwili wa ng'ombe. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye bucha zetu anaelewa. Muuzaji mzoefu hapigani na mfupa, anatafuta kiungo.

Iweke akilini hiyo tianli ya mpishi, kwa maana baada ya miaka elfu moja na zaidi itarudi ikiwa na sura nyingine.

Katika karne ya 11, chini ya nasaba ya Song, ndugu wawili, Cheng Hao (1032–1085) na Cheng Yi (1033–1107), waliichukua li wakaiweka katikati ya falsafa yao. Walifundisha kwamba kila kitu kina li yake, mti na mfalme, baba na mwana, na kwamba li hizo zote hatimaye ni moja. Zhu Xi (1130–1200) aliyakusanya mafundisho hayo na kuyajengea mfumo mpana, ambao baadaye uliitwa lixue, elimu ya li. Mpango wake ulikuwa na uzuri wake: chunguza vitu kimoja baada ya kingine, nawe utaifikia li inayoviunganisha. Zhu Xi mwenyewe alikufa mafundisho yake yakiwa yamepigwa marufuku kama elimu ya uongo. Lakini mwaka 1313 utawala wa Wamongolia waliotawala China, nasaba ya Yuan, uliagiza kwamba mitihani ya kuingia utumishi wa serikali itegemee maelezo yake ya vitabu vya Confucius na Mencius. Hali hiyo ilidumu, pamoja na mabadiliko ya hapa na pale, hadi mitihani ilipofutwa mwaka 1905. Kwa karibu miaka 600, kijana aliyetaka ajira ya serikali alilazimika kuijua li kama Zhu Xi alivyoieleza.

Hapo ndipo tianli ilipohama kutoka kwenye mbavu za ng'ombe. Sasa ilikuwa kanuni ya mbinguni, na upande wake wa pili yalisimama matamanio ya binadamu. Kazi ya mtu mwema ilikuwa kuilinda ya kwanza na kuyafuta ya pili. Cheng Yi aliwahi kuulizwa kuhusu mjane fukara asiye na wa kumtegemea: je, aolewe tena ili asife njaa? Jibu lake lilikuwa kwamba njaa ni hasara ndogo kuliko kuuvunja uaminifu kwa marehemu mume. Ajabu ni kwamba Cheng Yi huyohuyo alimsifu baba yake kwa kumtafutia mume mwingine mpwa wake aliyefiwa. Nyumbani kwake, huruma ilipata njia. Katika vitabu lilibaki jibu tu, na jibu likawa zito kuliko aliyelitoa.

Mtu mmoja alijaribu kuifuata njia ya Zhu Xi kwa uaminifu mkubwa. Wang Yangming (1472–1529) akiwa kijana aliamua, yeye na rafiki yake, kutafuta li ya mianzi iliyokuwa uani. Walikaa wakaitazama. Rafiki alichoka siku ya tatu. Wang alivumilia hadi siku ya saba, akaugua. Ninapokisoma kisa hiki namfikiria msusi wa vikapu, ambaye angeijua li ya mwanzi kwa dakika chache, kwa kuupasua kufuata nyuzi zake. Wang hakushika kisu, na miaka mingi baadaye alifikia uamuzi kwamba li haimo ndani ya mwanzi, imo ndani ya moyo wa mtu. Uamuzi huo uliwapa wengi uhuru wa kufikiri. Pia uliacha swali gumu: ikiwa li imo moyoni, nani atatofautisha li na maoni yangu?

Aliyelishughulikia swali hilo kuliko wengine ni mtu ninayemsoma kwa ajili ya tasnifu yangu, Dai Zhen. Alizaliwa Januari 1724 huko Xiuning, katika eneo la Huizhou lililo sasa mkoani Anhui, katika familia ya wachuuzi wa nguo. Huizhou ilikuwa pia asili ya ukoo wa Zhu Xi, na ilijaa malango ya mawe yaliyosimamishwa kwa heshima. Mengine yalisimamishwa kwa ajili ya wajane waliokataa kuolewa tena. Saba ya malango ya eneo hilo bado yamejipanga kijijini Tangyue hadi leo, baadhi yake yakiwa ya wajane. Dai Zhen alikulia katika nchi ambako li iliandikwa kwenye mawe barabarani.

Wanafunzi wake walisimulia kwamba akiwa na miaka kumi alimuuliza mwalimu wake: tunajuaje kwamba maneno haya ni ya Confucius? Mwalimu akamjibu kwamba Zhu Xi amesema hivyo. Zhu Xi aliishi lini? Enzi ya Song. Na Confucius? Karibu miaka elfu mbili kabla yake. Basi Zhu Xi alijuaje? Mwalimu hakuwa na jibu.

Dai Zhen alikua akawa bingwa wa lugha za kale, hesabu na elimu ya nyota. Mtihani wa juu kabisa wa serikali alishindwa mara kadhaa, lakini mwaka 1773 aliitwa Beijing kusaidia kukusanya na kuhariri maktaba kubwa ya mfalme. Wenzake walimheshimu kwa utafiti wake wa matamshi na maana za maneno ya kale. Kitabu alichokithamini yeye mwenyewe kuliko vyote, ufafanuzi wa maana za maneno katika Mencius, wengi wao waliona kinampotezea muda. Alikikamilisha karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1777.

Kitabu hicho kinaanza na neno li, na silaha yake ni ya mtu wa kamusi. Dai Zhen anatukumbusha kwamba katika lugha ya zamani li ilikuwa mistari ya ngozi, nyuzi za nyama, mpangilio wa kitu kimoja unaokitofautisha na kingine. Ukitaka kuijua, unakichunguza kitu hicho kwa karibu na kukitenganisha pale kinapotengana chenyewe. Li ya maisha ya watu basi itafutwe wapi? Katika watu: katika njaa yao, baridi yao, hamu ya mume na mke, hofu ya kifo, hamu ya mzazi mwanawe aishi. Matamanio hayo si adui wa li. Ndiyo jiwe lenyewe. Li ni mishipa yake, ni namna ya kuyatimiza bila mtu mmoja kumkanyaga mwingine.

Kisha anageukia uchungu wa zama zake. Wenye vyeo, wazee na matajiri, anasema, huwakaripia wadogo kwa kutumia li, na hata wakikosea, neno lao huitwa haki. Wadogo, vijana na wanyonge wakijitetea kwa li hiyohiyo, hata wakiwa sahihi, huitwa waasi. Mtu anayeuawa na sheria, kwa maelezo yake, bado hupata wa kumhurumia. Anayeuawa na li hana wa kumlilia, kwa sababu kila mtu anaamini mbingu ndiyo iliyohukumu.

Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kila mara nasikia sauti za kwetu. Kuna vikao vya familia ambavyo vinaamuliwa kabla mdogo hajafungua mdomo, na akifungua, jibu ni kwamba hana adabu. Hoja yake haijaguswa. Dai Zhen aliona hivyo China ya karne ya 18, na tiba yake ilikuwa kulirudisha neno mahali lilipotoka, kwenye jiwe na kwenye nyama.

Hakusikilizwa, si wakati ule. Na neno lenyewe lilikuwa karibu kupata majirani wapya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wajapani walikuwa wakitafsiri vitabu vya Ulaya kwa kuunganisha herufi za Kichina, na maneno mengi waliyoyaunda yalirudi China yakiwa mikononi mwa wanafunzi na wakimbizi wa kisiasa. Mawili yanatuhusu. La kwanza ni zhuyi. Zhu ni mkuu, yi ni maana au haki. Huko Japani lilitumika mwanzoni kutafsiri dhana ya kanuni, kisha likawa mkia wa kila itikadi: ubepari ni ziben zhuyi, ukomunisti ni gongchan zhuyi. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa silabi moja tu, u- ya ujamaa na ubepari, Kichina huifanya kwa neno zima ambalo bado lina harufu ya kanuni. La pili ni yuanze, nalo ndilo linalotumika leo mtu akitaka kusema kanuni au misingi. Yuan ni chanzo, chemchemi inayotoka chini ya jabali. Ze, katika maandishi ya kale ya shaba, ilichorwa kama chungu kikubwa cha shaba na kisu kando yake. Wengi huifasiri kama amri iliyochongwa kwenye chombo ili isibadilike.

Mwanzoni mwa mwaka 1924, ndani ya wiki tatu, mambo matatu yalitokea China, nami huyaona kama kikao kimoja juu ya mada hii. Januari 19 mjini Beijing, Liang Qichao na wasomi wenzake waliadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa Dai Zhen, wakimtoa kwenye usahaulifu. Januari 27 mjini Guangzhou, Sun Yat-sen alianza mihadhara yake juu ya Sanmin Zhuyi, zhuyi tatu za umma: utaifa, mamlaka ya wananchi na maisha yao. Februari 7, mwandishi Lu Xun alikamilisha hadithi ya mjane wa kijijini anayeitwa mke wa Xianglin. Mjane huyo anaozwa tena kwa nguvu na mama mkwe anayetaka mahari, anafiwa na mume wa pili, mwanawe analiwa na mbwa mwitu. Anarudi kufanya kazi kwa bwana wake wa zamani, na kwa kuwa amefiwa mara mbili, haruhusiwi kugusa sadaka za mwaka mpya. Anakufa akiwa ombaomba. Bwana huyo, Lu Xun anatuambia mapema, ni mfuasi wa elimu ya li, na mezani kwake kuna kitabu kilichokusanywa na Zhu Xi. Hakuna anayempiga mke wa Xianglin katika nyumba ile. Anaambiwa tu asiguse sahani.

Kwa hiyo mwaka mmoja ulikuwa na mtu aliyepinga li, hadithi iliyoonyesha li ikiua, na kiongozi aliyeleta kanuni mpya zenye jina jipya. Hu Shi, mmoja wa waliomfufua Dai Zhen, alikwisha kuonya mwaka 1919 kwamba vijana wachunguze zaidi matatizo na wazungumze kidogo juu ya zhuyi. Onyo hilo lilikuwa na damu ya Dai Zhen: tazama jiwe kwanza.

Yuanze ndiyo iliyofika kwetu. Januari 1964 mjini Accra, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za China katika kutoa misaada nje. Mikopo iwe bila riba au yenye riba ndogo, na wataalamu wa Kichina waishi kwa hali sawa na wataalamu wa nchi wanayoisaidia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, na makaburi ya Wachina waliofia kwenye ujenzi huo yako Gongo la Mboto. Ona tofauti: li haihesabiki, yuanze huja na namba. Tano za kuishi pamoja kwa amani, nane za misaada. Kitu chenye namba kinaweza kunyooshewa kidole. Mwaka 536 KK, Zichan wa nchi ya Zheng alipotoa hadharani sheria za adhabu kwa kuziandika kwenye shaba, waziri wa nchi jirani alimwandikia barua ya kulalamika kwamba sasa watu hawatawaogopa tena wakubwa, watabishana wakitegemea maandishi. Alikuwa amesema kweli, na kwa mnyonge hiyo ni habari njema.

Hata hivyo shaba nayo ina ujanja wake. Wachina wana utani juu ya maneno yuanze shang, "kwa kanuni". Ofisini ukiambiwa kwamba kwa kanuni inaruhusiwa, jiandae kukataliwa. Ukiambiwa kwamba kwa kanuni hairuhusiwi, upo mlango wa uani. Utani huo hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuambiwa kwa Kiswahili, "Kimsingi tumekubaliana," akarudi nyumbani bila kitu.

Dai Zhen aliacha kipimo ambacho hakitegemei jiwe wala shaba. Kitu ambacho mioyo ya watu wote inaweza kukikubali, alifundisha, hicho ndicho li. Ambacho bado hakijafika hapo ni maoni ya mtu, hata akiwa na cheo kikubwa na sauti nzito. Na kabla ya kumtwika mtu jambo, rudi ndani ujiulize: kama yeye ndiye angenitwika mimi, ningelibeba? Mtu wa kuulizwa kuhusu kanuni ya wajane ni mjane. Wa kuulizwa kuhusu jiwe la Bian He alikuwa fundi mwenye mchanga na maji, na mfalme wa kwanza angeweza kumwita siku ileile.